Kupachika Jiko la Chuma Katika Meko ya Kale
Mhadhara kwa wenye nyumba na mafundi, Lushoto

Waandaaji wamewasha moto humu ukumbini. Nitautumia kama kielelezo, kwa hiyo naomba msiuchochee mpaka niwaambie.

Kusudi langu ni moja. Wengi wenu mna nyumba za zamani zenye meko ya ukutani, na baadhi yenu mmeanza kununua majiko ya chuma ya kupachika humo. Nataka mtoke hapa mkijua kwamba kazi kubwa haiko kwenye jiko. Iko kwenye dohani. Ukipachika jiko umeubadilisha moshi, na moshi uliobadilika haupaswi kupitishwa katika njia ya zamani. Hilo ndilo nililolijia. Mengine yote nitakayosema ni kulifafanua.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Meko ninayoyasema si yale ya mafiga matatu tuliyokulia. Ni lile pango lililojengwa ukutani sebuleni, lenye dohani ya matofali au mawe inayopanda hadi juu ya paa. Neno dohani lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni moshi; wahenga wetu walikiita kitu kwa jina la kile kinachopita ndani yake. Jiko la kupachika ni sanduku la chuma cha kusubu au la bamba nene, lenye mlango wa kioo na vilango vya kurekebisha hewa, linaloingizwa ndani ya pango hilo na kuliziba. Uzito wake mara nyingi ni kilo 100 hadi 200 na zaidi.

Meko haya tuliyarithi. Wajerumani walipouita mji huu Wilhelmstal walijenga kama walivyozoea kwao, na Waingereza waliowafuata wakafanya vivyo hivyo. Ukienda Njombe, Limuru au Kericho utayakuta. Dohani nyingi kati ya hizo zinakaribia miaka 100, nyingine zimeshaipita. Zilijengwa kwa ajili ya moto wa wazi, na moto wa wazi ni mlafi. Unavuta hewa ya chumba kizima, hewa ambayo tayari imeshapashwa joto, na kuipeleka angani. Kwa kawaida meko ya wazi hukadiriwa kubakiza chumbani karibu asilimia 10 tu ya joto la kuni. Jiko zuri la kupachika hubakiza asilimia 60 hadi 80. Kwa mji ulio chini ya msitu wa Magamba tofauti hiyo si ndogo, na ndiyo maana siwakatazi majiko haya. Nayapenda. Ninachokataa ni kuyapachika ovyo.

Hoja ya kwanza: moshi wa jiko si moshi wa meko

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi kijana, niliitwa kupachika jiko katika nyumba moja ya wageni huku milimani. Nilifanya kama nilivyoona wengine wakifanya: nilisukuma jiko ndani ya pango, nikaunga kipande cha bomba cha nusu mita shingoni mwake, nikakiacha kinaishia ndani ya dohani ya matofali. Nikaziba kando kwa saruji, nikalipwa, nikaondoka. Jiko likawaka vizuri kabisa. Mwenye nyumba alifurahi, nami nikajisifu.

Kipupwe cha pili, usiku, dohani ile ilishika moto kwa ndani. Waliokuwepo walisema walisikia ngurumo kama ya lori linalopanda mlima, wakatoka nje wakakuta miali inaruka kutoka kileleni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Nilipopanda darini siku ya pili nilikuta boriti moja imegeuka mkaa upande ulioigusa dohani. Niliishika kwa mkono wangu ikasagika. Tangu siku hiyo sijapachika jiko bila kujiuliza kwanza: moshi huu unakwenda wapi, na unafika huko ukiwa na joto kiasi gani?

Sasa tazameni moto huu mbele yetu. Mnaona moshi unavyokimbia? Unakimbia kwa sababu hewa nyingi ya ukumbini inaingia pamoja nao na kuusukuma. Moshi umechanganywa na hewa, ni mwepesi, na unatoka kabla haujapata nafasi ya kupoa na kuganda. Jiko la kupachika hufanya kinyume. Mlango umefungwa, hewa inaingia kwa kipimo, joto kubwa linabaki chumbani kama tulivyotaka. Basi moshi unaotoka ni mchache, mzito kwa mvuke na utomvu, na umeshapungukiwa joto. Ukiuachilia ndani ya dohani pana unatanuka, unakwenda polepole, unagusa matofali baridi na kutulia hapo.

Walimu wa hesabu watanisaidia. Chukueni dohani ya kale yenye upana wa ndani wa sentimita 30 kwa 30. Eneo lake ni sentimita za mraba 900. Shingo ya jiko la kawaida ina kipenyo cha sentimita 15, yaani eneo la takribani 177. Moshi unapotoka katika njia ya 177 kuingia ya 900, mwendo wake unashuka hadi karibu moja ya tano. Viwango vya usalama vya Marekani havikubali njia ya moshi ipite mara 3 ya eneo la shingo ya jiko, na dohani ikiwa imejengwa kwenye ukuta wa nje, ambako inapoa upesi zaidi, wanaruhusu mara 2 tu. Dohani yetu ya mfano imefika mara 5.

Moshi wa kuni ukipoa chini ya takribani nyuzi 120 za Selsiasi, mvuke na mafuta yaliyomo huanza kuganda kwenye kuta. Kitu hicho huitwa kreosoti. Mwanzoni ni unga mweusi kama masizi yoyote, brashi inautoa. Ukiendelea unakuwa magamba. Mwishowe unakuwa ngozi nyeusi inayong'aa kama lami, imeng'ang'ania matofali, wala brashi haiwezi kuibandua. Hiyo ndiyo iliyowaka katika nyumba ile. Kreosoti ikishika, joto ndani ya dohani linaweza kupita nyuzi 1,000. Udongo na chokaa vilivyounganisha matofali miaka 90 iliyopita havikuandaliwa kwa joto kama hilo, na tindikali ya moshi ilishavila kimya kimya muda wote huo.

Hoja ya pili: moshi upewe njia yake, kutoka shingoni hadi kileleni

Dawa yake ni bomba la ndani. Liungwe kwenye shingo ya jiko, lipande ndani ya dohani ya zamani bila kukatika, litokeze juu. Kipenyo chake kilingane na shingo. Ikiwa shingo ni sentimita 15, bomba ni sentimita 15. Usilipunguze kwa sababu duka halikuwa nalo.

Hapa nawasihi mafundi bati, maana ninyi mnaombwa sana kazi hii. Bati la kuezekea halifai. Zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwa nyuzi 420, na kinachobaki ni karatasi ya chuma inayotobolewa na kutu. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Kumbukeni moto wa dohani unafika wapi. Kinachotakiwa ni chuma kisichoshika kutu, na kwa kuni namba inayopendekezwa ni 316. Ni ghali, najua. Mwenye nyumba asiyeweza kununua bomba la namna hiyo mwaka huu, mwambieni asubiri mwaka ujao, na jiko likae ghalani.

Kabla bomba halijateremka, dohani isafishwe hadi tofali lionekane, kisha ikaguliwe. Tochi na kioo vinatosha kuanzia. Siku hizi kuna kamera ndogo za kufunga kwenye simu, nazo ni msaada mkubwa. Tafuteni nyufa, viungo vilivyolika, matofali yaliyodondoka, viota vya ndege. Huku kwetu tafuteni pia nyuki. Dohani isiyotumika ni mzinga wa bure, na nta iliyobaki ndani ni mafuta yanayongoja kiberiti. Ufa msiuzibe kwa matumaini kwamba bomba litauficha. Dohani yenyewe lazima iwe nzima, kwa kuwa ndiyo ngome ya pili siku bomba litakapoharibika.

Kama bomba linaungwa vipande vipande, ncha nyembamba ya kipande cha juu iingie ndani ya kipande cha chini. Wengi hufanya kinyume, wakidhani moshi utavuja kwenye maungio. Moshi hauvuji dohani ikivuta sawasawa, kwa sababu mvuto uko kwa ndani. Kinachovuja ni utomvu unaoteremka. Ncha ikielekea chini, utomvu unarudi jikoni na kuungua. Ikielekea juu, unatoka nje ya bomba na kunuka nyumba nzima, na siku moja unawaka mahali usipopaona. Kila kiungo kipigwe skrubu tatu.

Pale kooni, penye kilango cha zamani cha kufungia dohani, kilango hicho kiondolewe au kifungwe wazi kabisa, kisha pazibwe kwa bamba la chuma kulizunguka bomba, juu yake pamba ya mawe. Bila bamba hilo joto lote linalotoka mgongoni mwa jiko hupanda ndani ya dohani tupu. Ila msikate linta! Nimeona mtu amekata chuma kinachobeba ukuta wa mbele ili jiko lipite. Jiko lisipoingia, jiko hilo si la nyumba hiyo.

Huko juu, kilele kipite paa kwa angalau sentimita 90, na kiwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho umbali wa mita 3, iwe kipeo cha paa au nyumba ya jirani. Kifungwe kofia ya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia ndege. Watengenezaji wengi hutaka bomba lenye urefu wa mita 4.5 au zaidi kutoka kwenye jiko, na sisi wa milimani tuna sababu ya kuongeza. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni takribani asilimia 85 ya ule wa Tanga. Kule Limuru, mita 2,200, uko chini ya asilimia 80. Hewa nyepesi huvuta kwa unyonge. Jiko lililojaribiwa Ulaya karibu na usawa wa bahari linaweza kuja kutapika moshi sebuleni kwako, nawe ukamlaumu aliyekuuzia, kumbe lilihitaji mita moja tu ya ziada ya bomba.

Hoja ya tatu: mbao msizoziona

Hoja hii ndiyo inayoninyima usingizi, na mafundi wachache huizungumza.

Nyumba za kale zimejaa mbao mahali ambapo hamkutarajia. Boriti za dari ya pili zimepumzishwa ndani ya ukuta wa dohani. Kenchi zimegusana na matofali. Rafu ya mbao imepigiliwa juu ya meko, na misumari yake imepigwa kwenye vipande vya mbao vilivyojengewa ukutani. Tena kuna jambo ambalo hata mimi sikulijua kwa miaka mingi: sakafu ya zege iliyo mbele ya meko, katika nyumba zenye sakafu ya mbao, ilimwagwa juu ya fremu ya mbao, na baada ya kukauka fremu ile mara nyingi iliachwa palepale chini. Ingieni chini ya sakafu na tochi. Mkiikuta, itoeni.

Mtaniuliza: mbao hizo zimekaa hapo miaka 90 na hazikuungua, leo kuna nini? Leo kuna jiko linalowaka usiku kucha. Moto wa wazi uliwashwa jioni ukafa saa nne. Jiko linalishwa mfululizo, na joto linapenya tofali kidogo kidogo kila siku. Mbao inayopashwa hivyo kwa miaka hubadilika ndani yake. Inakauka, inaanza kugeuka mkaa bila miali, na kadiri inavyobadilika ndivyo inavyoweza kushika moto kwa joto dogo sana kuliko mbao mpya. Haitoi onyo. Ile boriti niliyoisaga mkononi haikuchomwa na usiku mmoja.

Kwa hiyo kila jiko jipya huja na maelekezo ya umbali kati yake na mbao: pembeni, juu, kwenye rafu, mbele. Yasomeni. Majiko mengi ya mitumba hufika bila kitabu na bila kibandiko cha chuma chenye vipimo hivyo, na jiko la namna hiyo mimi silipachiki, hata mwenyewe akisema ni zuri. Jiko la kuchomelewa hapa nchini naweza kulipachika kwenye pango ambalo halina mbao hata moja karibu nalo, na baada ya kulitazama kila kiungo. Mbele ya mlango, viwango vya Marekani hutaka sakafu isiyoungua ienee angalau sentimita 40 kwenda mbele na 20 kila upande. Pango likiwa kubwa, sentimita 50 na 30. Zulia zuri la sebuleni kwenu msilisogeze mpaka hapo kwa ajili ya kupendeza.

Hoja ya nne: moto unavuta pumzi mnayovuta ninyi

Nyumba za kale zilikuwa na madirisha ya mbao yaliyopitisha upepo pande zote. Tulilalamika, lakini upepo ule ndio uliolisha moto. Sasa tunang'oa madirisha hayo na kuweka ya aluminiamu yanayobana, tunaziba matundu ya hewa juu ya ukuta, halafu tunapachika jiko. Moto usipopata hewa kwa mlango utaitafuta kwa dohani, na hewa ikianza kuteremka, moshi unarudi nayo. Feni kubwa ya kutoa harufu jikoni nayo inaweza kufanya hivyo, hata ikiwa chumba kingine. Acheni tundu la kudumu la hewa, lenye wavu, lisiloweza kuzibwa na mtu mwenye baridi usiku.

Sote hapa tumewahi kusikia, na wengine tumezika, watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi iliyowaua ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, usingizi unakuja. Jiko lililopachikwa vibaya linatoa gesi hiyohiyo, na mlango wake wa kioo unamdanganya mtu kwamba amejitenga nayo. Uingereza, tangu 2010, wanaopachika jiko la kuni wanatakiwa kisheria kuweka kengele ya gesi hii chumbani. Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Ni kidude kidogo cha betri. Kikiwekwa darini, kiwe kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko, na kisigusane na ukuta.

Hoja ya tano: kuni

Hapa nitapita haraka, kwa sababu wakulima wenzangu mnazijua kuni kuliko mimi. Nusu ya uzito wa gogo bichi yaweza kuwa maji. Ukitia jikoni kilo 10 za kuni hizo, umetia lita 5 za maji, robo debe, na joto la kuyachemsha litaibwa kutoka kwenye moshi. Turudi hoja ya kwanza: moshi uliopoa ni kreosoti. Kuni ziwe na maji chini ya asilimia 20. Mkaratusi na mwati ni kuni nzuri, ila mkaratusi ni mzito, haukauki upesi. Upasueni mapema, muupange chini ya paa lenye pande wazi, na kwa ukungu wetu huu mwaka mmoja huenda usitoshe. Msonobari haukatazwi ukiwa mkavu. Mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa msiyachome kamwe, kwani dawa ya kijani ile mara nyingi ina aseniki.

Hoja ya sita: baada ya fundi kuondoka

Moto wa kwanza uwe mdogo, wa pili mdogo, wa tatu wa kiasi, madirisha yakiwa wazi, ili rangi ya jiko na saruji ya moto vikauke taratibu. Kabla ya kila kipupwe bomba lipigwe brashi na kilele kikaguliwe. Majivu yatiwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na kutolewa nje. Kaa linaweza kuishi ndani yake siku kadhaa.

Na mkisikia ile ngurumo niliyowasimulia, fungeni mlango na vilango vyote vya hewa, toeni watu wote nje, pigeni 114 kwa Zimamoto. Msimwage maji ndani ya dohani, yatapasua kila kitu. Moto ukizimika peke yake msiseme yameisha. Jiko lisiwashwe tena mpaka bomba na dohani vikaguliwe toka chini hadi juu, na dari pia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimezidisha dakika zangu, lakini naomba nitoe pendekezo. Tuna miezi kadhaa kabla ya kipupwe kijacho. Mafundi wa mji huu wajipange wawili wawili, mwashi mmoja na wa chuma mmoja, wapite nyumba zenye meko na kuandika daftari moja: dohani ipi ina ufa, ipi ina mbao ndani, ipi iko tayari kwa bomba. Walimu wa ufundi walioko hapa wawachukue wanafunzi wao wakajifunze juu ya paa. Tukiwa na daftari hilo tutajua tunahitaji mita ngapi za bomba, na tunaweza kuziagiza pamoja kwa bei ya jumla badala ya kila mtu kwenda Tanga peke yake na kurudi na bati.

Kesho saa mbili asubuhi tutaanza na dohani ya ukumbi huu. Moto huu utakuwa umeshapoa. Nitakuja na tochi na brashi. Mwenye kamba ya mita 10 na ngazi ndefu naomba avilete.